Siku Bibi Bodil Alipoliliwa

Asubuhi ile Keto aliamka na furaha iliyochanganyika na woga. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, Bibi Bodil, bibi yake Asger, alikuwa anatimiza miaka tisini, na mchana, wageni wakishakula keki, Asger angegonga glasi yake kwa kijiko, asimame mbele ya ukoo mzima na kulisema lile walilolificha tangu wakati wa theluji: kwamba Keto harudi kwao Georgia mwezi ujao, muda wake wa kujitolea ukiisha. Anabaki. Wanaoana.

"Mkono wako unatetemeka," Asger alimwambia jikoni, akimpokonya kisu cha siagi.

"Hautetemeki. Ni baridi tu."

"Baridi, na oveni inawaka?"

Asger alikuwa mrefu hata taa ya jikoni ilimgusa nywele, na sweta yake haikukosa kuwa na alama za rangi za watoto wa chekechea aliokuwa akiwafundisha. Keto alimtazama, akautazama mlango wa chumba cha Bibi Bodil, akamtazama tena. Walikuwa wamejifunza kupendana kwa macho katika nyumba hii, maana sakafu zake za mbao zilitangaza kila hatua.

"Mama yako hanipendi," Keto akasema.

"Mama hawapendi watu wanaoondoka. Baba aliondoka. Wenzako wote waliowahi kujitolea pale kituo cha wazee wameondoka. Wanakuja, wanajifunza kuendesha baiskeli kwenye upepo, wanalia kivukoni, basi. Kila akikuona, anaona begi mgongoni."

"Na nikibaki?"

"Ukibaki itabidi atafute sababu nyingine." Akacheka, akambusu kwenye paji la uso harakaharaka, akatoka kwenda kuchukua viti kwenye ukumbi wa kijiji. Simu yake aliiacha juu ya sanduku la mikate.

Kazi ya bendera ilikuwa ya Keto. Katika kisiwa hicho cha Denmark kila nyumba yenye bustani ina mlingoti wake, na mtu akizaliwa, akifaulu au akioa, bendera inapanda. Wiki moja nyuma Lisbet, mama yake Asger, alikuwa amemuuliza mbele ya watu: "Unajua kupandisha bendera, Keto? Ina taratibu zake. Si kitambaa tu, ujue."

"Najua," Keto alijibu.

Hakujua. Lakini neno hilo alikuwa amelizoea kama koti. Kila Lisbet alipoingia, yeye alilivaa. Tangu afike, Lisbet alikuwa amemsahihisha kuhusu taka, kwamba maganda hayaendi na karatasi. Alikuwa amemsahihisha kuhusu jibini, kwamba halikatwi kwa kisu bali kwa kile kikwangulio chake cha waya. Alikuwa amemsahihisha hata kuhusu kumwita mwenye nyumba "Bibi Bodil." Hapa watu ni majina tu, alisema, hata waziri anaitwa kwa jina. Hilo Keto lilimshinda. Kwao, katika mji wa Kutaisi, mwenye mvi humwiti kwa jina tupu kama unayemwita paka.

Basi akatoka bustanini, akaifunga bendera kwenye kamba na kuivuta mpaka juu. Upepo ukaikamata, mlingoti ukalia kwa sauti iliyomtia hofu. Hapo akakumbuka. Jana tu, akirudi kutoka kituoni, alipita barabara nzima na kuona bendera za nyumba zote zimesimama katikati ya milingoti yao, kimo kimoja, kama watoto waliopangwa mstarini. Kumbe hizo ndizo taratibu, alijiambia. Kwamba jana ilikuwa Ijumaa Kuu, na kwamba Wadenmaki siku hiyo huomboleza, wala halikumpitia akilini. Yeye alikuwa Mwothodoksi. Pasaka ya kwao mwaka ule ilikuwa bado wiki nzima, na jana moyoni mwake ilikuwa Ijumaa tu ya kuoka keki.

Akaishusha mpaka katikati. Akafunga kamba kwa mafundo mawili, akarudi nyuma kuitazama, akaridhika. Kisha akaenda jikoni akiimba, na nyuma yake bendera ya sikukuu ya Bibi Bodil ikabaki ikipepea nusu mlingoti.

Mgeni wa kwanza alikuwa Preben, jirani wa nyumba ya pili. Alikuja mapema mno kwa Mdenmaki, kofia mkononi, na shada la maua meupe. Hakuingia. Alimkumbatia Keto pale mlangoni, akamshika kwa muda, akampapasa mgongo.

"Sitawasumbua," alisema. "Mke wangu Jytte ataleta supu jioni. Na wewe kula, binti, usijisahau."

"Asante. Lakini si utakuja kula keki?"

Preben alimtazama kwa macho yenye maji. "Mtakata keki?"

"Mwenyewe ameitaka. Ya tabaka tatu."

"Ndiye Bodil huyo," Preben akasema. "Mpaka mwisho!" Akaondoka akijifuta.

Keto akaweka maua kwenye chombo, akifikiri jinsi watu hawa, wanaokaa mwaka mzima bila kukugusa bega, wanavyoweza kuchangamka ghafla kwa siku ya kuzaliwa ya jirani. Ndani, Bibi Bodil alikuwa ameketi mezani na rola kichwani, anakula skonzi yenye siagi, redio inapiga kelele kwa kuwa masikio yake hayakuwa yale ya zamani. Simu ya mezani ililia. Ikalia tena. Keto alikuwa amechanganya krimu mpaka viwikoni.

"Bibi Bodil, simu!"

"Waache. Wanataka kuniimbia. Wataniimbia wakija."

Na simu ya Asger, pale juu ya sanduku la mikate, nayo ikaanza kutetemeka, ikajizungusha kama mdudu aliyelala chali, ikanyamaza.

Gari liliingia uani kwa kasi. Mlango wa mbele ukafunguliwa bila kubishwa, na Lisbet akaingia na viatu vyake. Na viatu! Keto aliziona zile alama za matope kwenye sakafu aliyoipiga deki alfajiri kabla hajauona uso wake. Alipouona, bakuli lilimponyoka. Ule uso uliozoea kupangwa vizuri kama kabati ulikuwa umevimba, wekundu mtupu, nywele zimemganda shavuni.

"Yuko wapi?" Lisbet akauliza. "Mmemlaza wapi?"

Hakungoja jibu. Alisukuma mlango wa chumba cha kulia, akasimama.

Bibi Bodil aligeuka, skonzi mdomoni. "Lisbet! Viatu!"

Lisbet alitoa sauti ambayo Keto hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Akajitupa mapajani mwa mama yake, koti na mkoba na kila kitu, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni na kupatikana.

"Mama. Mama. Mama yangu."

"We mtoto una nini? Unaniharibia gauni."

"Jytte amenipigia nikiwa kwenye kivuko. Ameniambia pole. Amesema wameiona bendera… Mama, bendera iko nusu!"

Redio ikaendelea kupiga kelele. Kisha Lisbet akainua kichwa polepole, akamtazama Keto aliyesimama mlangoni na krimu ikimdondoka vidoleni.

"Nani amepandisha ile bendera?"

Uso wa Keto uliwaka mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alielewa yote kwa mara moja: Preben na kofia yake, supu ya jioni, maua meupe.

"Mimi," akasema.

"Ulisema unajua."

"Nilisema."

Angalau kama angefokewa! Lisbet hakufoka. Alifunga macho tu, kama mtu anayeona kizunguzungu, na wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguka na Asger akaingia na viti viwili begani, Preben na Jytte nyuma yake, na nyuma yao wageni wengine waliofika wakiwa hawajui wavae uso gani. Asger alikuwa ameshaiona bendera toka barabarani, akajua ni kazi ya nani. Na alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kuweka viti chini.

"Keto! Umemuua bibi yangu!"

Hapo nyumba nzima ikapasuka. Preben alitoka nje, akaivuta bendera mpaka juu kwa mkono wake mwenyewe, akarudi anajipiga paja. "Amekufa jana Ijumaa, leo Jumamosi kafufuka! Bodil hana subira, hata Jumapili hakuisubiri!"

"Maua yangu yako wapi?" Bibi Bodil akadai, macho yakimng'aa. "Kama mmenililia, basi mniambie mliniliaje. Preben, ulilia kweli?"

"Kidogo."

"Kidogo! Miaka arobaini nakuazima ngazi, unalia kidogo!"

Kicheko kikazidi. Keto aliona vinywa tu, vimefunguka, na katikati ya vinywa hivyo kinywa cha Asger, kile alichokipenda kuliko vyote duniani. Akageuka, akapita korido, akaingia kwenye chumba cha kufulia na kujifungia mlango.

Haukupita muda Asger alibisha kwa ukucha mmoja. "Keto. Fungua, mpenzi."

Alifungua kwa kuwa hakutaka wasikie akibembelezwa. Asger aliingia, akainama chini ya kamba za shuka, akanyoosha mikono. Keto akarudi nyuma mpaka mashine ikamgusa mgongo.

"Ulicheka."

"Kila mtu amecheka. Hata Bibi. Keto, sisi tukicheka ni kama kusema yamekwisha. Wangekuchukia wangekuwa kimya."

"Kwetu, ukimcheka mtu wako mbele za watu, umemwacha peke yake." Akalisogeza shuka lililokuwa kati yao. "Nilikutafuta kwa macho, Asger. Nilikutafuta wewe, nikakukuta upande ule, na wao."

Kicheko kilichobaki usoni pake kikaondoka. "Sikufikiri."

"Mama yako alikuwa chini sakafuni. Ulimwona?"

"Nimemwona sasa." Akapitisha mkono usoni. "Nisamehe. Nitalirekebisha. Mchana nikisimama nitaanza na hilo, nitasema…"

"Hutasimama."

"Nini?"

"Leo usiseme kitu. Ukisema leo, mimi nitakuwa yule aliyemuua bibi yako asubuhi na kukuchukua wewe mchana. Kila Pasaka watalisimulia. Watoto wetu watalisimulia!"

"Watoto wetu," Asger akarudia taratibu, na kwa kitambo kidogo wote wawili wakasahau walipo. Kisha akasema, "Basi lini, Keto? Mwezi ujao utakuwa kwenye ndege. Tumelificha mpaka nimechoka kuwa mwizi nyumbani kwa bibi yangu. Au haya unaiona kwa ajili ya bendera tu? Au unanionea haya na mimi?"

"Usinigeuzie."

"Nauliza."

Keto akamgeuzia mgongo.   Asger alisubiri, akatikisa kichwa, akatoka. Hatua zake zikasikika sakafuni, nzito, ubao kwa ubao, mpaka zikamezwa na sauti za wageni walioanza kuimba.

Keto akakaa chini kwenye vigae, magoti kifuani. Haya ni kitu kibaya, aliwaza. Hasira unaweza kuitema, machozi unaweza kuyafuta. Haya inakuvaa. Aliona jinsi atakavyopanga nguo zake usiku, jinsi atakavyopanda kivuko cha mapema kabla kijiji hakijaamka, na jinsi Lisbet atakavyosema kwa upole, si niliwaambia, wote wanaondoka.

Mlango ukafunguka tena. Hakuwa Asger.

Lisbet aliingia bila viatu. Hakumwona mtu aliyekaa nyuma ya shuka. Alifungua bomba, akajaza maji viganjani, akajimwagia usoni mara nyingi. Alipopapasa kutafuta taulo, Keto akainuka na kumpa. Lisbet alishtuka, lakini alilipokea.

"Sikujua," Keto akasema. Maneno ya Kidenmaki yalimtoka moja moja. "Uliniuliza, nikasema najua. Nilidanganya. Ungeuliza mtu mwingine yeyote, ningesema sijui."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kila nisilolijua, wewe ndiye unayekuwepo."

Lisbet aliushikilia uso wake ndani ya taulo kwa muda. Alipoushusha, hakumtazama Keto. Alitazama mashine ya kufulia.

"Jytte aliponipigia nilikuwa na mkate wa soseji mkononi. Akasema pole, nikasema asante. Nikaendelea kula. Unaamini? Nikaumaliza wote, na haradali nikailamba. Mwili haukuwa umeelewa." Akavuta makamasi. "Kisha nikateremka mpaka garini, sitaha ya chini, nikakaa gizani humo mpaka tukatia nanga. Na sikuwa nawaza kwamba mama amekufa. Nilikuwa nawaza nilichomwambia Jumatano."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, yule msichana akikaa mezani kama mtu wa familia, mimi siji. Mama akasema, basi usije. Akanikatia simu. Hajawahi kunikatia simu maisha yangu yote, na leo nikapanda kivuko hata hivyo." Sasa ndipo akamtazama. "Hayo ndiyo yangekuwa maneno yetu ya mwisho. Na yalikuwa juu yako."

Keto akamkazia macho. "Kwa hiyo unajua. Mimi na Asger."

"Nina macho. Asger alipokuwa mdogo, akiiba biskuti alikuwa anaimba. Mwaka huu anaimba mno."

Hakuna aliyecheka, ingawa nusura.

"Nimeendesha gari toka bandarini," Lisbet akaendelea, "sikuwa na huzuni, Keto. Nilikuwa na haya. Nilimwona mama amelala na mimi nasimama mlangoni sina uso wa kumkaribia. Sijui kama unaelewa hali hiyo."

"Naielewa."

"Ndiyo. Leo nadhani unaielewa." Akakunja taulo mara mbili, akalikunjua. "Sitakudanganya. Sijui kama nakupenda."

"Usinidanganye."

"Nakuogopa. Naona utamchukua, umpeleke huko kwenye milima yenu, nibaki namwona kwenye kioo cha simu Krismasi kwa Krismasi."

"Nabaki mimi. Hilo ndilo alilotaka kusimama kulisema leo. Nimemkataza."

"Umemkataza? Kwa nini?"

"Haya."

 Kule ndani walikuwa wamefika ubeti wa mwisho, na Bibi Bodil alisikika akiwafokea kwamba wanavuta wimbo kama wapo mazikoni. Mlango ukagongwa.

"Mama? Keto? Watu wanauliza kahawa."

"Iko kwenye birika, na mikono unayo!" Lisbet akajibu. Akasubiri hatua ziondoke. "Mama yako anajua?"

"Anajua nini?"

"Usijifanye. Kwamba unabaki, kwa ajili ya mwanangu."

Keto akainamisha kichwa. "Hajui. Anajua narudi. Amenipakia chumba changu rangi upya. Jina la Asger hajalisikia hata siku moja. Kila nikitaka kumwambia, ananionyesha mapazia."

"Simu yako iko wapi?"

"Hii hapa."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi habari za mama yangu nimeletewa na jirani. Asije mama yako akaletewa za mwanawe hivyo hivyo, akiwa amesimama mahali na chakula mkononi. Mpigie kwanza wewe. Halafu ndipo yule kijana agonge glasi yake. Kabla ya hapo asithubutu."

Ilimchukua Keto kitambo kulisikia vizuri lile neno, *halafu ndipo*. Vidole vyake, bado vikinata kwa krimu, vilikosea namba mara mbili. Akaweka simu kwenye kipaza sauti kwa kuwa hakuiamini mikono yake kuishika sikioni.

"Keto! Mwanangu!" Nyuma ya sauti ya mama yake palikuwa na kelele za vyombo na redio, kama kila Jumamosi. "Kuna nini saa hizi? Umeumwa?"

"Hapana, mama. Nimefanya jambo la aibu leo, nitakusimulia. Lakini siumwi."

"Mbona kuna mtu analia hapo?"

Keto akageuka. Lisbet alikuwa anapenga kamasi kwenye foronya safi.

"Ni Lisbet, mama."

"Lisbet ndiye nani?"

"Mama yake Asger."

Kule Kutaisi redio ilizimwa. Keto alisimama, uso ukimwaka upya, lakini hakukimbia.

"Keto," mama yake akasema, polepole, kwa sauti ya mtu aliyevuta kiti na kukaa. "Na huyo Asger ndiye nani?"

Lisbet hakujua hata neno moja la lugha ile. Lakini jina la mwanawe alilisikia, likitamkwa visivyo na mwanamke wa mbali. Aligeuza kapu la nguo kichwa chini, akalikalia, akasubiri naye kusikia jibu.